Dakika moja ndani ya damu: hadubini mpya zina habari gani kwa Musaga?

Wanasayansi sasa wanaweza kutazama, hatua kwa hatua, jinsi kimelea cha malaria kinavyoingia katika seli nyekundu ya damu. Utafiti huo umezaa chanjo ya aina mpya ambayo tayari imejaribiwa kwa watoto wa Afrika. Hata hivyo, faida yake kwa mtoto wa Musaga itategemea hadubini nyingine, ya zamani na ya gharama ndogo, iliyopo kwenye meza ya kituo cha afya.

Mzazi yeyote wa Musaga, mtaa wa kusini mwa jiji la Bujumbura ambako barabara ya taifa namba 7 huanza kupanda kuelekea Ijenda, anaijua safari hii. Mtoto ameamka na homa, hataki kula, viungo vimelegea. Anafungwa mgongoni na kupelekwa kituo cha afya. Huko anachomwa kidoleni, na tone la damu linawekwa ama kwenye kipimo cha haraka, ama juu ya kioo. Katika karatasi ya maabara, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa Kifaransa, zinasomeka herufi mbili: G.E., ufupisho wa maneno «goutte épaisse», yaani tone nene la damu. Kinachofuata ni kungoja.

Katika muda huo wa kungoja, mtaalamu wa maabara hukausha damu, huipaka rangi ya Giemsa, hudondosha mafuta kidogo juu ya kioo na kukitazama kwa lenzi inayokuza mara mia, ambayo pamoja na ile ya jichoni hufikisha ukuzaji wa mara elfu moja. Njia hiyo ina umri wa zaidi ya karne moja. Daktari Mfaransa Alphonse Laveran aliviona vimelea hivi kwa mara ya kwanza katika damu ya mgonjwa huko Constantine, Algeria, mwezi Novemba 1880. Rangi inayotumika hadi leo ilitengenezwa na Mjerumani Gustav Giemsa mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa maana hiyo, kinachoonekana leo Musaga ni kile kile walichokiona wazee hao: kimelea ambacho tayari kimo ndani ya seli, kimetulia kama pete ndogo yenye kito.

Ambacho kioo hicho hakionyeshi ni namna kimelea kilivyoingia. Damu ya kwenye kioo imekwisha kufa. Ni kama picha ya mwizi aliyekwisha kuketi sebuleni: inathibitisha kwamba yumo ndani, lakini haisemi kama alipitia mlangoni au dirishani. Swali hilo ndilo lililowashughulisha watafiti kwa nusu karne, na sasa majibu yake yanaanza kugeuka kuwa kinga.

Mlango unaofunguka kwa sekunde chache

Ili kuelewa umuhimu wa jambo hili, tuanze na hesabu. Mbu anapomuuma mtu, vimelea hukimbilia kwanza kwenye ini. Huko huzaliana kwa takriban wiki moja bila mtu kuhisi lolote. Kisha humwagika katika damu vikiwa katika umbo liitwalo merozoiti, kidude chenye urefu wa kati ya mikromita moja na mbili, wakati seli nyekundu ya damu ina upana wa mikromita saba hadi nane. Kila merozoiti hutafuta seli, huingia, hula na kujigawa, na baada ya takriban saa 48 seli hiyo hupasuka na kutoa merozoiti wapya kati ya 16 na 32. Hao nao hutafuta seli zao. Homa na baridi kali huja pale seli zinapopasuka kwa wingi.

Kuna jambo moja ambalo kimelea hakiwezi kulikwepa. Kikiwa ndani ya seli, kimejificha, na kingamwili za mgonjwa haziwezi kukigusa pale kilipo. Lakini kati ya kutoka katika seli iliyopasuka na kuingia katika seli mpya, kiko uchi katika damu. Muda huo ni mfupi mno. Uingiaji wenyewe, tangu kugusa seli hadi kuzama ndani yake, kwa kawaida humalizika chini ya dakika moja au kuzidi kidogo. Merozoiti asiyefanikiwa ndani ya dakika chache hupoteza uwezo wake.

Mwaka 1975 kundi la watafiti nchini Marekani, akiwemo Louis Miller, lilichapisha maelezo ya tukio hilo baada ya kulirekodi kwa filamu kupitia hadubini, kwa kutumia kimelea cha malaria ya nyani. Waliona merozoiti akiigusa seli, seli ikinywea na kutikisika, kisha kimelea kikageuka na kuelekeza ncha yake kwenye utando wa seli na kuzama. Filamu hiyo ilikuwa hatua kubwa, lakini ilionyesha vivuli tu. Hadubini ya kawaida haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu zaidi ya takriban nanomita 200, na protini zinazofungua mlango wa seli ni ndogo kuliko hapo mara nyingi.

Mageuzi yalikuja katika miaka ya karibuni kwa njia mbili. Ya kwanza ni hadubini zinazoimulika seli hai kwa ukanda mwembamba sana wa mwanga, tabaka baada ya tabaka, bila kuiunguza. Kompyuta huunganisha matabaka hayo kuwa umbo kamili linalobadilika kadiri muda unavyokwenda. Watafiti wa Taasisi ya Walter na Eliza Hall mjini Melbourne, Australia, walitumia chombo cha aina hiyo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Walionyesha kwamba sehemu kubwa ya utando unaokizunguka kimelea kikiwa ndani hutokana na utando wa seli yenyewe. Kwa lugha nyepesi, mgeni huyu hujifunika kwa shuka la mwenye nyumba.

Njia ya pili ni hadubini ya elektroni inayotazama protini zilizogandishwa ghafla kwa baridi kali. Waanzilishi wa mbinu hiyo walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2017. Haionyeshi mwendo, bali huonyesha umbo la protini kwa undani unaokaribia kiwango cha atomu. Mwaka 2019 watafiti wa Melbourne waliitumia kuonyesha jinsi protini tatu za kimelea, ziitwazo RH5, CyRPA na Ripr, zinavyoshikana kuwa kifaa kimoja cha uvamizi. Mwaka 2024 watafiti wa Oxford waliongeza picha nyingine zinazoeleza jinsi kifaa hicho kinavyounganisha kimelea na seli wakati wa kuingia.

Kilifi: seli iliyokaza kama ngozi ya ngoma

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kudhani kwamba habari hizi zote ni za mbali. Si hivyo. Moja ya tafiti muhimu zaidi kuhusu uvamizi wa seli ilianzia katika pwani ya Waswahili, mjini Kilifi, Kenya, kwenye kituo cha ushirikiano kati ya Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, na mfuko wa Wellcome wa Uingereza.

Watafiti wa huko walikuwa wamekwisha kujua kwamba baadhi ya watu wa eneo hilo wana kundi la damu lisilo la kawaida liitwalo Dantu. Takriban mtu mmoja kati ya kumi katika eneo hilo ana nakala moja ya jeni hiyo, na hupungukiwa na hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 40. Wachache wenye nakala mbili, takriban mtu mmoja kati ya mia, hupata kinga inayokaribia asilimia 70. Swali lilikuwa: kwa nini?

Katika utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwezi Septemba 2020, mtafiti wa Kilifi Silvia Kariuki na wenzake walichukua damu ya watoto 42 wenye afya njema. Baadhi yao walikuwa na nakala mbili za Dantu, wengine moja, wengine hawakuwa nayo kabisa. Seli zao zilikutanishwa na vimelea katika maabara, na tukio zima likarekodiwa kwa hadubini ya video. Ilibainika kwamba seli za Dantu zina utando uliokaza zaidi kuliko wa seli nyingine. Kimelea hufika, hugusa na kusukuma, lakini ngozi ya seli hainywei. Kisipoingia katika dakika zake chache, kimeshindwa.

La kuvutia zaidi ni kwamba jambo hilo halikuhusu Dantu peke yake. Hata kwa watoto wasio na kundi hilo, seli ambazo utando wake ulikuwa umekaza kupita kiwango fulani zilikuwa vigumu kuvamiwa. Hii ina maana kwamba huenda siku moja ikapatikana dawa inayoongeza mkazo huo kidogo tu, kiasi cha kukizuia kimelea bila kudhuru mzunguko wa damu. Dawa hiyo haipo leo. Lakini wazo lenyewe lisingepatikana bila kuitazama seli hai ikishambuliwa.

Kanda yetu ina historia ndefu katika elimu ya aina hii. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kutoka Afrika Mashariki kwamba watu wenye nakala moja ya jeni ya selimundu hawashambuliwi sana na malaria. Karne kwa karne, malaria imechonga damu ya watu wa ukanda huu. Kwa hiyo damu yetu imebeba majibu ambayo hayapatikani Ulaya wala Marekani.

Kutoka picha hadi sindano

Picha peke yake haimponyi mtu, na historia inatufundisha tahadhari. Baada ya protini za juu ya merozoiti kutambuliwa, watafiti wengi waliamini kwamba kuzifunga kungetosha. Chanjo iliyolenga protini moja ya aina hiyo, MSP1, ilijaribiwa kwa watoto wa Kombewa, magharibi mwa Kenya, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba haikuwakinga. Nyingine iliyolenga protini ya AMA1 haikukidhi matarajio nchini Mali mwaka 2011. Sababu zilikuja kueleweka polepole: protini hizo hutofautiana sana kutoka kimelea kimoja hadi kingine, na kimelea kina funguo nyingi. Ukikinyang'anya mmoja, hutumia mwingine.

Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Sanger nchini Uingereza walipata jambo tofauti. Waligundua kwamba RH5 hushikana na kipokezi kiitwacho basigini juu ya seli nyekundu, na kwamba aina zote za kimelea walizozijaribu zilihitaji mshikano huo. Huu ni ufunguo usio na mbadala. Zaidi ya hayo, RH5 haibadiliki sana kutoka eneo moja hadi jingine.

Tangu hapo kazi imesonga hadi kwa binadamu. Chanjo za awali za RH5 zilijaribiwa pia Bagamoyo, Tanzania, chini ya Taasisi ya Afya Ifakara, zikiwemo dozi kwa watoto wachanga wa miezi sita hadi kumi na moja. Kisha ikaja Nanoro, Burkina Faso. Matokeo yaliyochapishwa mwezi Desemba 2024, kutoka kwa zaidi ya watoto 350 wa miezi mitano hadi kumi na saba, yalionyesha kwamba chanjo ya RH5.1 ilipunguza malaria kwa asilimia 55 katika kipindi cha miezi sita, pale dozi ya tatu ilipocheleweshwa kwa miezi kadhaa. Kwa chanjo inayokipiga kimelea kikiwa tayari kwenye damu, matokeo kama hayo hayakuwahi kupatikana.

Ni vyema hapa kutofautisha. Chanjo mbili zilizokwisha kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, yaani RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023, hukizuia kimelea kabla hakijafika kwenye ini. Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi 12 zilizotajwa mwezi Julai 2023 kupatiwa mgao wa dozi milioni 18 za kwanza za RTS,S. Chanjo hizo zinaokoa maisha, lakini vimelea vichache vikiponyoka kwenye ini, hazina la kufanya tena. RH5 inakusudiwa kuwa mlinzi wa pili, anayesimama katika mlango wa seli ya damu. Watafiti wanatumaini kwamba siku moja zitaunganishwa.

Burundi na mawimbi yasiyokoma

Kwa nini jambo hili ni zito kwa Burundi? Takwimu zinajieleza. Kwa mujibu wa WHO, dunia ilikuwa na wagonjwa wa malaria takriban milioni 263 mwaka 2023 na vifo 597,000. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea Afrika, na takriban robo tatu ya waliokufa barani humo walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Burundi imekuwa ikipigwa kwa mawimbi. Kati ya mwaka 2000 na 2001, mlipuko katika mikoa ya milimani, ikiwemo Kayanza, Ngozi na Karuzi, uliandikisha wagonjwa karibu milioni tatu katika nchi yenye watu wapatao milioni saba. Wakati huo klorokwini ilikuwa imekwisha kushindwa, na mjadala mkali kuhusu dawa mpya uliisukuma serikali kubadili tiba na kuanza kutumia dawa mseto zenye artemisinini mwaka 2003, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika. Mwezi Machi 2017 serikali ilitangaza tena mlipuko, baada ya mwaka 2016 kurekodi wagonjwa zaidi ya milioni nane. Mwaka 2019, Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Kuratibu Misaada ya Kibinadamu ilisema kwamba kati ya Januari na Julai pekee wagonjwa walizidi milioni 5.7 na waliofariki walikuwa 1,801.

Kila nambari katika orodha hiyo ilipitia mikononi mwa mtu fulani katika kituo cha afya, aliyesoma kipimo au kutazama kioo na kuandika katika daftari. Hapa ndipo hadubini ya Melbourne na ile ya kituo cha afya cha Bujumbura zinapokutana.

Kwa nini kioo cha kawaida bado kinahitajika

Vipimo vya haraka vimekuwa neema kubwa. Havihitaji umeme wala miaka ya mafunzo, na hutoa jibu kwa robo saa. Lakini vina mipaka ambayo wazazi wengi hawajaelezwa. Kwanza, vingi hutafuta protini iitwayo HRP2, ambayo hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Mtoto anayerudi na homa nyingine anaweza kuonekana bado ana malaria, kumbe ugonjwa ni nimonia au kitu kingine. Pili, katika Pembe ya Afrika vimetokea vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2, navyo havionekani kabisa kwa vipimo hivyo. Eritrea ililazimika kubadili aina ya vipimo kwa sababu hiyo. Tatu, kipimo cha haraka husema ndiyo au hapana. Hakisemi ni vingapi.

Kuhesabu ni kazi ya kioo. Mtaalamu huhesabu vimelea hadi afikishe seli nyeupe 200, kisha hukadiria kwa kuchukua kwamba kila mikrolita ya damu ina seli nyeupe 8,000. Akiona vimelea 500, maana yake kuna vimelea 20,000 katika kila mikrolita. Mtoto wa kilo kumi ana damu ya takriban mililita 800. Kwa hesabu hiyo, mwilini mwake mna vimelea wapatao bilioni 16, na kila kimoja kilipitia ile dakika ya uvamizi tuliyoieleza. Idadi hiyo humsaidia tabibu kutambua hatari na kuona kama dawa inafanya kazi.

Hili la mwisho ndilo linalotia wasiwasi zaidi. Vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini vimethibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania, ikiwemo Kagera, yaani katika nchi mbili zinazopakana na Burundi na nyingine iliyo jirani. Mojawapo ya dalili za kwanza za usugu huo huonekana kwenye kioo: WHO hutaka uchunguzi pale ambapo zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya kumi bado wana vimelea siku ya tatu baada ya kuanza dawa. Kipimo cha haraka hakiwezi kuliona hilo, kwa kuwa kingeendelea kuonyesha malaria hata kwa aliyepona. Bila mtaalamu mwenye jicho lililofunzwa, usugu unaweza kuingia nchini kimya kimya, kama klorokwini ilivyoshindwa kimya kimya kabla ya mwaka 2000.

Hata chanjo ya RH5 ilihukumiwa kwa kioo. Katika jaribio la Nanoro, mtoto alihesabiwa kuwa mgonjwa iwapo alikuwa na homa ya nyuzi 37.5 au zaidi pamoja na vimelea zaidi ya 5,000 katika kila mikrolita. Chombo cha mamilioni kilionyesha mlango, na hadubini ya kawaida ikathibitisha kama mlango umefungwa.

Damu ya nani, maabara ya nani?

Hapa kuna hoja ambayo haipendezi sana kusikika. Katika utafiti wa Dantu, watoto, damu na mtafiti aliyeongoza walitoka Kilifi, lakini hadubini za video zilikuwa Cambridge. Kenya iliweza kushiriki kama mwenza kwa sababu ilijenga maabara, ikasomesha watu na kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwa miongo mitatu. Burkina Faso na Tanzania nazo zimejijengea nafasi hiyo. Nchi isiyo na msingi huo hupokea matokeo yaliyopatikana kwingine, na hupanga foleni.

Burundi haihitaji kuanza kwa kununua hadubini za Melbourne. Inahitaji mambo ya chini zaidi ambayo ni magumu kuyadumisha: rangi na vioo visivyokatika, umeme au kioo cha kuakisi mwanga wa jua umeme unapopotea, mishahara inayowafanya wataalamu wa maabara wabaki kazini, na utaratibu wa kurudia kusoma sampuli za vioo katika maabara ya juu ili makosa yajulikane. Mambo hayo hayapigwi picha na wageni. Ndiyo maana huwa ya kwanza kukatwa fedha zinapopungua, na zimepungua: kusimamishwa kwa misaada ya nje ya Marekani mwezi Januari 2025 kulizitikisa programu za malaria katika nchi nyingi za Afrika.

Kwa wasemaji wa Kiswahili wa Bujumbura, kutoka Buyenzi na Bwiza hadi Musaga, kuna suala jingine. Maelezo ya afya huwafikia zaidi kwa Kirundi na Kifaransa. Mzazi asiyeelewa kwa nini mtoto amepimwa mara mbili, au kwa nini kipimo cha haraka kimesema ndiyo na kioo kimesema hapana, hupoteza imani na kwenda kununua dawa dukani bila kipimo. Dawa zinazotumiwa ovyo, au kuachwa katikati mara homa inaposhuka, huvipa vimelea nafasi ya kujifunza usugu. Lugha inayoeleweka ni sehemu ya tiba.

Yapo basi maswali matatu ambayo wananchi wanaweza kuyauliza bila kuwa wanasayansi. Je, kituo chetu kina mtaalamu na vifaa vya kusoma kioo kila siku? Je, kuna mtu anayekagua usomaji wake? Na chanjo za kizazi kijacho zitakapofika, je, nchi itakuwa na uwezo wa kupima yenyewe kama zinawafaa watoto wake, au itaamini hesabu za wengine?

Wakati majibu yanasubiriwa, ushauri wa wataalamu haujabadilika: mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa ndani ya saa 24, alale chini ya chandarua chenye dawa, na amalize vidonge vyote hata akianza kucheza siku ya pili. Burundi iliondoa malipo ya matibabu kwa watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya umma tangu mwezi Mei 2006, na haki hiyo haina budi kutumiwa mapema, kabla homa haijageuka degedege.

Kimelea kina dakika moja ya kuwa hatarini, kisha saa 48 za kujificha na kuongezeka. Sayansi imefanikiwa kuiona dakika hiyo. Kuzitumia vizuri zile saa zinazofuata ni kazi ya mzazi anayeshuka au kupanda mtaa wa Musaga na mtoto mgongoni, na ya yule anayemngoja kwenye meza ya maabara akiwa na kioo safi na rangi ya kutosha.